Zililingana kama chanda na pete: kisa cha galaksi za darubini na galaksi za kompyuta

Usiku wa kumi na tano wa Ramadhani, baada ya tarawehe, mpwa wangu aliniita darini. "Mjomba, ndoo uone." Kwenye kioo cha kompyuta yake kulikuwa na grafu mbili, moja ya buluu na moja nyekundu, zimelaliana kama chanda na pete. Ya buluu ilitokana na picha za darubini. Nyekundu ilitokana na galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota, ambazo haziko popote angani, zilizozaliwa ndani ya kompyuta kubwa kule Stuttgart, Ujerumani. "Zimelingana," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi miezi mitatu. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Lamu. Nilizitazama, nikampa hongera, nikashuka kulala.

Kulingana kule kulikuwa kwa uongo. Naandika kisa hiki kwa idhini yake, kwa sababu siku hizi kijana yeyote mwenye intaneti anaweza kufanya kazi ya aina hii akiwa nyumbani kwao, na kosa lenyewe lilipita mbele ya watu wawili waliosoma bila hata mmoja wetu kusita.

Mpwa wangu anasomea shahada ya uzamili ya fizikia ya anga huko Nairobi, na mfungo ule alikuja kuumalizia kwa mama yake, dada yangu, mtaani Mkomani. Swali lake lilikuwa fupi: je, galaksi zinazotengenezwa na kompyuta ni nyembamba kama zile tunazoziona kwa darubini? Picha alizichukua kwenye hazina ya picha za anga iitwayo Sloan, zilizopigwa kwa darubini yenye kioo cha upana wa mita 2.5 huko Apache Point, New Mexico. Galaksi za kompyuta alizichukua kwenye mwigo uitwao IllustrisTNG, hasa ule wa TNG100. Mwigo huo huanza na gesi na maada giza (ile isiyoonekana, inayojulikana kwa mvutano wake tu) iliyosambaa karibu sawasawa, kama ulimwengu ulivyokuwa mwanzoni, kisha kompyuta inafuata kanuni za mvutano na za gesi mpaka ifike leo, ndani ya sanduku ambalo kila upande wake ni miaka-nuru kama milioni 360. Hazina zote mbili ziko wazi bure.

Sasa maumbo. Mezani kwetu wakati wa futari huwepo yote matatu, na hayo ndiyo majina tuliyoyatumia mwezi mzima. Kuna galaksi za chapati: sahani pana na nyembamba ya nyota, kama Njia Nyeupe tunamoishi. Kuna za kitumbua: bado ni sahani, lakini imevimba. Na kuna za kaimati, za mviringo, zisizo na sahani. Edwin Hubble alipozipanga galaksi mwaka 1926 alizigawa zile zisizo na mikono kwa kadiri zilivyobonyea, kuanzia E0 iliyo duara kamili hadi E7. Sisi tulitumia namba moja tu: upana mfupi wa picha ukigawanywa kwa upana wake mrefu. Ukipata 1, umbo ni duara. Ukipata 0.2, urefu ni mara tano ya unene.

Tatizo ni kwamba hatuwezi kuizunguka galaksi. Chukua sinia uliinue usawa wa macho, utaona mstari. Liinamishe, utaona yai. Lishike wima mbele ya uso, utaona duara, na kwa macho peke yake huwezi kulitofautisha na tufe. Chapati iliyotuelekea uso kwa uso na kaimati zinaonekana sawa. Nilidhani vyombo vilivyotia nanga mbele ya mji vingenisaidia kumweleza dada yangu jambo hili, nikakuta havifai: mashua na majahazi yaliyotia nanga yote hugeukia upande mmoja kwa kufuata maji na upepo, kwa hiyo unaona tezi zote au omo zote. Galaksi hazina mkondo wa kuzipanga namna hiyo. Kila moja imeinama kivyake.

Na kuinama huko kivyake ndiko kunakotuokoa. Galaksi moja haikwambii unene wake, lakini galaksi elfu zilizoinama ovyo zinakwambia. Kama zote ni chapati zenye unene wa 0.2, hesabu ya pembe inasema takriban 23 katika kila 100 zitaonekana na uwiano ulio chini ya 0.3, kwa sababu ndizo zilizotugeuzia ubavu. Kama zote ni vitumbua vya unene wa 0.35, hakuna hata moja itakayoshuka chini ya 0.35, uitazame upendavyo. Kwa hiyo jibu lote la swali la mpwa wangu linakaa pembe ya kushoto ya grafu. Huko kulia, kwenye 0.8 na 0.9, chapati, kitumbua na kaimati vimechanganyika na havitoi ushahidi mkubwa.

Alichagua galaksi ambazo nyota zake zina tungamo lipitalo la Jua mara bilioni 10. Namba hiyo ina sababu: kompyuta huigawa maada kwa chembe, na chembe moja ya gesi au nyota ndani ya TNG100 ina tungamo la Jua mara milioni 1.4 hivi, maana yake hata galaksi ndogo kabisa katika orodha yake ilikuwa na nyota za chembe kama 7,000. Ukishuka zaidi ya hapo unapima umbo la kitu kilichochorwa kwa nukta chache mno. Upande wa darubini, hakutaka kutumia vipimo vya umbo vilivyomo kwenye katalogi ya Sloan. Aliandika programu yake kwa Python, akapima kila picha mwenyewe kwa namna nuru ilivyotawanyika kutoka kitovuni. Upande wa mwigo akazigeuza galaksi ovyo, akazibapaza kuwa picha, akazipima kwa programu ile ile. Mimi nilimsifu kwa hilo la kutumia kipimo kimoja pande zote mbili. Nilidhani hapo ndipo uadilifu wa ulinganisho ulipokamilika.

Siku mbili baada ya grafu zile, alikuwa anatafuta picha ya kuweka kwenye jalada la ripoti. Alichagua NGC 4565, galaksi aliyoigundua William Herschel mwaka 1785, iliyotugeuzia ubavu karibu kabisa. Ukiiona huisahau: mstari mwembamba wa nuru, uvimbe mdogo katikati, na ukanda mweusi wa vumbi uliopita katikati kama uzi wa wanja. Wengi huiita Sindano. Akataka kuweka mwenzake wa kompyuta kando yake. Akafungua galaksi za TNG100 moja moja, akizigeuza zote kwa ubavu makusudi, na kila aliyoifungua ilikuwa nene. Alikesha. Wakati wa daku alinikuta jikoni nikimimina chai, akasimama mlangoni.

"Mjomba, sindano sina."

Sikumwelewa mara moja. Akaniketisha mbele ya kompyuta akanionyesha. Grafu inasema pande zote mbili zina idadi sawa ya zile nyembamba. Macho yanasema upande mmoja hauna. Ama NGC 4565 ni adimu angani kuliko tunavyodhani, ama grafu haisemi kweli. Nataka nikazie hapa kwamba ni yeye aliyekataa kuiamini grafu iliyompendeza, tena akiwa ameshaituma kwa msimamizi wake. Hilo ni gumu kuliko kukataa grafu iliyokuudhi.

Kabla ya alfajiri akafanya jambo ambalo tungepaswa kulifanya mwanzo. Akarudi kwenye katalogi ya Sloan, akachukua uwiano wa galaksi zile zile alizozipima, akaweka namba zao mbavuni mwa zake. Kwa galaksi kubwa pichani, namba zilikaribiana. Kwa ndogo, zake zilikuwa duara zaidi, na kadiri galaksi ilivyokuwa ndogo ndivyo pengo lilivyokua.

Sababu ni hewa. Nuru iliyosafiri mamilioni ya miaka inatikiswa na angahewa yetu katika sehemu ndogo ya sekunde ya mwisho, na nyota ambayo ilipaswa kuwa nukta inakuwa doa. Kwa picha za Sloan, doa hilo kwa kawaida lina upana wa kama sekunde 1.3 za pembe, na sekunde moja ya pembe ni digrii moja ikigawanywa kwa 3,600. Waliotengeneza katalogi wanalijua hilo. Wao huchukua umbo la kubuni, wakalipitisha kwenye doa la usiku ule, kisha wakaangalia kama linafanana na picha. Programu ya mpwa wangu ilipima picha kama ilivyo, pamoja na doa lake.

Tulikaa na penseli tukahesabu, na hesabu yenyewe ni ya Pythagoras, ya kujumlisha miraba. Mtawanyiko wa doa lile, yaani umbali wa kawaida wa nuru yake kutoka kitovuni, ni kama sekunde 0.55 za pembe, mraba wake 0.30. Chukua chapati ndogo iliyotugeuzia ubavu, mtawanyiko wake kwa urefu ni 1.0 na kwa unene 0.2. Uwiano wa kweli ni 0.2. Ongeza 0.30 kwenye mraba wa kila upande: urefu unakuwa 1.30, unene 0.34. Toa vipeuo: 1.14 na 0.58. Gawanya, unapata 0.51. Chapati imegeuka kitumbua kinono, na haikuguswa na kitu ila hewa ya New Mexico. Rudia kwa galaksi kubwa mara sita, yenye 6.0 na 1.2: unapata 0.22, karibu na kweli yake. Pikseli moja ya kamera ile ni sekunde 0.396 za pembe, kwa hiyo chapati ndogo ya kwanza ilikuwa pikseli chache tu kwa urefu, na mtawanyiko wa unene wake wa kweli haukufika hata pikseli moja. Alinikuzia moja kwenye kioo mpaka miraba ikaonekana. Sikuona sahani wala mikono, niliona kidoa kijivu kilichoinama kidogo, na ndani yake programu ilikuwa imeandika uwiano kwa tarakimu tatu.

Kwa hiyo galaksi za darubini zilinenepeshwa na hewa. Zile za mwigo hazikupita kwenye hewa yoyote. Zilipimwa zikiwa safi, na unene wao ulikuwa wao wenyewe. Sababu mbili zisizohusiana zilisukuma pande zote mbili kwenye namba zinazokaribiana, na grafu zikalaliana. Kutumia programu moja pande zote mbili hakukutusaidia kitu, maana kilichopimwa hakikuwa cha namna moja.

Asubuhi ile ile alimwandikia msimamizi wake kuirudisha grafu. Nilimwona akiandika, akifuta, akiandika tena. Barua ilikuwa na mistari sita.

Marekebisho yake yana njia mbili. Unaweza kuiondoa hewa kwenye picha za darubini, au kuitia hewa kwenye galaksi za kompyuta. Mpwa wangu alichagua ya pili, na nakubaliana naye kabisa, kwa sababu kuondoa ukungu ni kubahatisha kilichofichika, ilhali kuuongeza ni kitendo unachokijua mwanzo na mwisho. Ni kazi kuliko inavyosikika. Galaksi ya mwigo haina umbali, lazima uiweke mahali fulani ili uijue itakuwa na upana gani machoni. Lazima nuru yake ipite kwenye vumbi lake, kisha ikatwe kwa pikseli za kamera, itiwe doa, na mwisho ibandikwe juu ya kipande cha anga halisi kisicho na kitu, ili ipate chengachenga zile zile za picha ya kweli. Timu iliyoongozwa na Vicente Rodriguez-Gomez ilifanya hivyo mwaka 2019 kwa TNG100, ikailinganisha na picha za darubini za Pan-STARRS za Hawaii. Walikuta kwamba kwa jumla vipimo vingi vya umbo vinakaribiana na vya angani, lakini uhusiano wa umbo na rangi haukutoka sawa: mwigo una sahani nyekundu na kaimati za buluu zaidi ya inavyostahili. Mimi hilo la rangi lilinigusa. Inawezekana kabisa kupata idadi sahihi ya kila umbo na bado kukosea ni zipi.

Baada ya wiki mbili grafu mpya ilikuwa tayari. Upande wa darubini alibakisha galaksi kubwa pichani peke yake, zile ambazo doa la hewa haliwezi kuzigeuza, na nguzo za buluu zikahamia kushoto. Upande wa mwigo, baada ya kutiwa hewa, nguzo nyekundu zikahamia kulia kidogo. Chini ya 0.3 kulikuwa na buluu nyingi na nyekundu chache sana. Grafu zile zilizokuwa chanda na pete sasa zilikuwa na mlango wazi kati yao.

Mtu asije akasoma hapa akadhani tumeuangusha mwigo. Pengo linaweza kutoka kwenye ulimwengu wa kompyuta kukosea jinsi galaksi zinavyokua, au linaweza kutoka kwenye ukubwa wa vipande vyake. Sahani nyembamba ya Njia Nyeupe ina kimo cha miaka-nuru kama 1,000 juu na chini ya usawa wake wa katikati. Ndani ya TNG100, mvutano wa nyota hulainishwa kwa makusudi chini ya umbali wa miaka-nuru kama 2,400, ili chembe mbili zikikaribiana sana zisirushane. Huwezi kuusuka mkeka kwa ukindu mpana kuliko ua unalotaka kulitoa. Sahani ya kimo cha 1,000 haina nafasi ya kusimama ndani ya mwigo unaolainisha kwa 2,400.

Kuna na sababu ya pili, ambayo watu huisahau. Chembe ya maada giza katika TNG100 ina tungamo la Jua mara milioni 7.5, zaidi ya mara tano ya chembe ya nyota. Chembe hizo nzito zinapita ndani ya sahani muda wote. Weka kokoto kwenye ungo wa mchele upepete: kokoto zinaurusha mchele. Vivyo hivyo chembe nzito zinazisukuma nyota juu na chini, kidogo kidogo kwa mabilioni ya miaka, na sahani inanenepa kwa sababu ambayo haipo katika maumbile. Angani maada giza, kwa kadiri wengi wanavyoielewa, haikuja kwa mafungu ya Jua milioni saba.

Kwa hiyo hatua iliyobaki ni kubadilisha mwigo. TNG50, mwigo mwenzake wa TNG100, ni sanduku dogo, lakini chembe zake za gesi na nyota ni za Jua mara 85,000 hivi, na ulainishaji wake ni kama miaka-nuru 940. Hapo chapati inaanza kupata nafasi. Hata hivyo, mwaka 2022 Moritz Haslbauer na wenzake walichapisha ulinganisho wa aina hii hii, kwa galaksi za tungamo lipitalo la Jua mara bilioni 10, na wakakuta TNG50 nayo ina upungufu mkubwa wa sahani nyembamba, tofauti waliyoipima kuwa sigma 12.52 dhidi ya data za angani (sigma ikizidi ndivyo tofauti inavyozidi kuwa ngumu kuitupia bahati nasibu). Wanakadiria kwamba ukiongeza ubora wa chembe mara 8, na kurudia hivyo mara tano mfululizo, yaani mara 32,768 kwa jumla, tofauti itashuka hadi sigma 5.58. Wao wanaelekeza kidole kwenye galaksi kugongana na kumezana mara nyingi mno ndani ya miigo hii, na wako tayari kuitilia shaka maada giza yenyewe. Mimi sifiki huko. Makadirio yanayorefushwa mbali hivyo nje ya yaliyopimwa nayapokea kwa tahadhari, na ungo wa mchele haujanitoka kichwani. Mpwa wangu anadhani migongano midogo ndiyo yenye neno. Tumebishana hilo kutoka ufukweni Shela mpaka mlangoni kwetu, mara mbili.

Kipo kipimo cha kuamua sehemu ya ubishi wetu. TNG50 ilichezwa mara nne, kutoka TNG50-4 yenye chembe chache hadi TNG50-1 yenye chembe nyingi kuliko zote, na kila hatua idadi inapanda mara nane. Kanuni za fizikia ni zile zile, sanduku ni lile lile, kilichobadilika ni ukubwa wa chembe. Kama galaksi zinakonda kila hatua bila dalili ya kutulia, basi unene ni wa ungo, yaani wa ukubwa wa chembe. Kama zinakonda kisha zikatulia kabla ya kufikia zile za angani, basi mpwa wangu anayo hoja.

Amemaliza ya 4, ya 3 na ya 2, zote zikiwa zimepitishwa kwenye hewa ya sekunde 1.3 na kubandikwa juu ya anga halisi. Zinakonda. Bado ya 1. Picha zake anazishusha usiku, wenyeji wakilala na intaneti ikipata nguvu, na asubuhi dada yangu hukuta kompyuta imeachwa wazi darini, nguzo za buluu zimesimama upande wa kushoto wa 0.3 na nyekundu bado hazijazifikia.